Mjadala: Tukiandika Ubudha kwa Kiswahili, naraka ni Jehanamu?

Mwenye mada, Kibokoni

Hamjambo nyote. Wanaoandika habari za Ubudha kwa Kiswahili hutafsiri naraka kuwa Jehanamu, swarga kuwa Pepo, deva kuwa mungu na preta kuwa mzimu. Mimi nasema maneno hayo manne yatoke, na Jehanamu itangulie. Mwaonaje?

Hoja yangu ni hesabu. Wabudha wa Theravada, wale wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar, huhesabu daraja 31 za kuishi: 11 za matamanio, 16 za umbo laini na 4 zisizo na umbo kabisa. Zile 11 ni nne za chini (naraka, wanyama, preta, na asura, yaani viumbe wanaogombana na madeva), kisha binadamu, kisha sita za madeva. Chukua ya kwanza ya madeva, ya Wafalme Wanne. Siku moja kule ni miaka 50 ya kwetu, mwezi una siku 30, mwaka miezi 12, na umri ni miaka 500 ya kulekule. Zidisha 50 kwa 360 kwa 500, wapata miaka milioni 9. Inayofuata, Tavatimsa, siku yake ni miaka 100 na umri 1,000, basi milioni 36. Kila ukipanda, urefu wa siku huongezeka mara mbili na umri pia mara mbili, kwa hiyo jumla ni mara nne. Ya sita yafika milioni 9,216. Wengi huharibu hapa: huzidisha mara mbili tu, au huweka siku 365, kisha washangaa hesabu haikubaliani na maandiko.

Muda ukiisha, deva anakufa. Dalili zimetajwa tano: shada lake la maua hunyauka, nguo huchafuka, kwapa hutoka jasho, mwili hupoteza nuru, na kiti chake hakimkalishi tena kwa raha. Hiyo si Pepo. Hiyo ni nyumba ya kupanga. Na naraka vivyo hivyo ina mwisho, basi si Jehanamu.

Yakhe wa Kuze

Yakhe, nyumba ya kupanga nimeipenda, lakini hoja yako yavuja. Msomaji wa Mwembe Tayari ukimwandikia "naraka" atakuuliza ni dawa ya nini. Mwandikie Jehanamu, kaelewa papo hapo. Na moto si uzushi wa mtafsiri, umo. Naraka za joto ni nane, kuanzia Sanjiva hadi Avichi. Sanjiva mtu hukatwakatwa, upepo baridi humpuliza akahuika, akaanza kukatwa tena.

Hilo la muda pia halikusaidii. Itikadi ya Ahlu Sunna ni kwamba Muislamu mwenye madhambi makubwa aweza kuadhibiwa kisha akatolewa motoni. Mbona hatukuutafutia moto wake jina jingine?

Dada wa Tudor

Kaka wa Kuze umesema kweli kuhusu muda, ila umesahau nusu ya ramani. Vasubandhu, mwanazuoni wa Kibudha wa kale, katika kitabu chake Abhidharmakosha anataja pia naraka nane za baridi. Ya kwanza ni Arbuda, maana yake malengelenge. Mbele yake ipo Utpala, ambako ngozi hupasuka kama ua la yungiyungi. (Najua mtaniambia zamhariri, ile baridi kali ya Jehanamu. Sawa, lakini nani hapa akisikia Jehanamu hufikiria baridi?)

Na ile hofu yako kwamba neno litakuwa geni kwa msomaji, tazama Indonesia na Malesia. Waislamu kule huita Jehanamu neraka, na Pepo huiita surga au syurga. Yote mawili ni ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, yaliingia kabla ya Uislamu. Hata kufunga Ramadhani wao ni puasa, kutoka upavasa. Neno lilihama dini na hakuna aliyepotea. Naraka lina irabu mwishoni, linatamkika, na Wahindu wa Mombasa wanalijua tangu zamani.

Yakhe wa Kuze

Dadangu, mfano wako wanisaidia mimi! Kama neraka yaweza kubeba maana ya Jehanamu, basi Jehanamu nayo yaweza kubeba maana ya naraka.

Dada wa Tudor

Hapo umenipata. Lakini kule lilichukua karne nyingi. Wewe wataka aya moja ifanye kazi hiyo.

Maalim wa Majengo

Nyote mnazunguka jambo lenyewe, na jambo lenyewe ni hakimu. Jehanamu ina Mwenye kuhukumu. Naraka haina, karma, yaani matendo ya mtu, huzaa kama mbegu, hakuna anayesoma daftari.

Mwenye mada, Kibokoni

Maalim, heshima kwako, lakini soma Devaduta Sutta (sutta ni hotuba ya Budha), ya 130 katika mkusanyiko wa hotuba za urefu wa wastani. Mtu akifika naraka hupelekwa kwa Yama, mfalme wa wafu, naye humhoji: hukumwona mtoto mchanga amelala katika uchafu wake? Hukumwona mzee aliyepinda? Mgonjwa? Mhalifu akiadhibiwa? Maiti? Hao watano ndio wajumbe. Msomaji wa hapa atawakumbuka mara moja Munkar na Nakir, malaika wanaomhoji maiti kaburini.

Maalim wa Majengo

Vizuri, endelea kusoma. Kila baada ya swali Yama humwambia: tendo hili hakulifanya mama yako wala baba yako, ni wewe, na wewe ndiwe utakayeonja matunda yake. Akimaliza hunyamaza. Hatoi hukumu, hasamehi, hapunguzi, na baadaye katika sutta iyo hiyo yeye mwenyewe atamani azaliwe binadamu. Huyo ni karani wa zamu.

Halafu mwaache naraka kidogo, hasara kubwa iko kwa preta. Mmoja huandika "mzimu", mwingine "marehemu". Asili ya preta ni aliyekwenda, ndiyo, lakini marehemu ni aliyerehemewa, na preta ndiye mwenye njaa: tumbo kubwa, koo kama tundu la sindano. Na mzimu kwetu hutambikiwa ili atulinde. Preta hamlindi mtu, yeye ndiye anayesubiri. Brahmani Janussoni alimuuliza Budha kama sadaka inawafikia jamaa waliokufa. Jibu lilikuwa na sharti: yamfikia aliyezaliwa preta tu. Aliyekuwa naraka, mnyama, binadamu au deva ana chakula cha hukohuko. Ukiandika "mizimu", sharti hilo lote lapotea na msomaji adhani ni tambiko la kawaida.

Fundi wa Likoni

Deva mimi ningesema jini. Msicheke. Malaika hali wala haoi, na mungu hafi. Jini anakula, anaoa, anakufa, ana wema na waovu. Deva wa daraja sita za chini yuko karibu naye zaidi kuliko malaika.

Dada wa Tudor

Karibu, ila umemshusha cheo. Waandike madeva uwaachie hapo. Na "pepo" usiiguse kabisa, maana kwetu pepo wa kupunga na Pepo ya kuingia ni herufi zilezile.

Kosa ambalo halijaguswa ni "roho kuhama". Wengine huliita tanasukhi. Wabudha hukana kwamba kuna roho inayohama. Mtawa Nagasena alimwambia Mfalme Milinda, yule Menander Myunani: ukiwasha taa kwa taa nyingine, je, taa ya kwanza imehamia ya pili? Anayezaliwa si yuleyule wala si mwingine. Utambi wapokea moto, mafuta hayahami. Kisha "kuzaliwa upya" nalo mitaani kwetu ni kuokoka. Mimi huandika "kuzaliwa tena".

Yakhe wa Kuze

Kama hakuna roho, nani hulipa? Hapa ndipo watu huumizana. Glenn Hoddle, wakati huo kocha wa timu ya taifa ya soka ya Uingereza, alinukuliwa na The Times mwishoni mwa Januari 1999 kwamba walemavu wanavuna ya maisha yaliyopita. Tarehe 2 Februari hana kazi. Hakuwa Mbudha, lakini waandishi wetu huandika yaleyale kuwa ndiyo karma.

Maalim wa Majengo

Sivaka Sutta yakataa moja kwa moja. Sivaka aliuliza kama kila anachohisi mtu chatokana na matendo ya zamani. Budha akataja sababu nane: nyongo, kohozi, upepo, hayo matatu yakichanganyika, mabadiliko ya msimu, kutojitunza, kushambuliwa, na ya nane ndiyo karma. Anayesema ni karma tu amevuka mpaka wa anachokijua.

Mwenye mada, Kibokoni

Maalim, tusifiche na ya pili. Katika mkusanyiko uleule wa hotuba za wastani, namba 135, kijana Subha aelezwa kwamba umri mfupi, maradhi na ufukara vina mizizi katika matendo. Zote mbili zimo. Ambedkar, kiongozi wa Wadaliti (watu wa tabaka la chini kabisa India), aliyeingia Ubudha mjini Nagpur Oktoba 1956 pamoja na maelfu yao, alikataa kabisa kwamba karma ya maisha yaliyopita huamua hali ya mtu, na wapo Wabudha wasiomkubali mpaka leo. Mwandishi ataje zote mbili, asichague ya kumfurahisha msomaji.

Fundi wa Likoni

Basi tupeni sentensi ya kuandika, maneno yamekuwa mengi.

Mwenye mada, Kibokoni

Naandika hivi: "Naraka ni daraja ya mateso ambamo kiumbe huzaliwa kwa sababu ya matendo yake, hukaa hadi athari ya matendo hayo iishe, kisha hufa na kuzaliwa kwingine." Ikitajwa mara ya kwanza, ongeza "mithili ya Jehanamu, lakini ina mwisho na haina hakimu". Mara ya pili iachwe naraka tu.

Yakhe wa Kuze

"Mithili ya" nimeikubali. Sasa niambieni asura mtamweka wapi. Orodha za zamani zina njia tano za kuzaliwa, naye hayumo. Kitabu cha Kathavatthu cha Theravada chakataa kabisa kumfanya wa sita; asura wengine chawahesabu na preta, wengine na madeva. Mchoro wa Watibeti wa gurudumu la maisha umempa chumba chake. Mwenye mada, wewe mwenyewe umemweka pamoja na naraka hapo juu, bila maelezo.