Tupeane uzoefu: uliyekuwa vitani au uliyeachwa nyumbani, hamu ya mwenzio uliibebaje?

Mtoto wa Kota
Wadau habari zenu. Vita vya Kagera, ile Tanzania ilipopigana na Uganda ya Idi Amin, vikitajwa utasikia Mutukula, Masaka, Lukaya, Kampala imeanguka Aprili 1979, sawa hayo tunayajua. Sasa mzee wangu alikuwepo huko na akianza kusimulia hamalizi dakika mbili kwenye risasi, anahamia kwa bi mkubwa. Anasema vita yenyewe asilimia kubwa ni kusubiri, baada ya kuchukua Masaka mwezi wa pili walikaa wanangoja amri ya kusonga mbele, ukishasafisha bunduki yako ya SMG ukatoka lindo ukaingia kwenye handaki hapo ndo mawazo yanaanza, na yeye alikuwa kaoa juzi juzi tu. Picha ya bi mkubwa aliiviringisha kwenye nailoni akaiweka mfuko wa kombati, kufika lile bonde la tope la Lukaya ikaingia maji ikagandana na nailoni, alipoibandua uso ukabaki kipande. Mpaka leo anayo. Bi mkubwa haipendi hata kidogo, anasema "picha yote umebakiza sikio".

Leteni za kwenu. Siasa za Amin tuziweke pembeni.

Mzee wa Platuni
Mjukuu umenipeleka mbali. Mimi nilitokea mgambo. Platuni yetu alikuwepo jamaa hajui kusoma wala kuandika, mimi ndo karani wake. Tunakaa chini ya migomba anaanza kunitajia, ulizia ng'ombe, ulizia mama, shamba limepaliliwa? Tukifika kwa mke sasa anakwama, "mwambie... aah we mwambie tu", halafu anaangalia pembeni. Basi namalizia mwenyewe kwa akili yangu. Mke wake alikuwa katoka kisomo cha watu wazima, anajibu kwa penseli herufi kubwa kubwa hakuna nukta hata moja, mimi ndo namsomea, na kuna mistari mtu mzima unaisoma kwa sauti ya chini maana wenzako wapo hapo. Barua nazo zilichelewa balaa. Tuko Kampala ndo inafika moja inauliza eti mmeshavuka Kyaka? Kyaka ambayo iko huku huku Tanzania!

Mama Pili
Mnajisemea nyinyi tu, na sisi tuliobaki kota za jeshi je? Redio Tanzania ilikuwa haizimwi, muziki husikii unangoja taarifa ya habari tu. Ila kilichotumaliza ni lile gari la jeshi. Likiingia kota wanawake wote mko milangoni hakuna anayeongea, mnaangalia litasimama kwa nani. Likikupita unashusha pumzi, hapo hapo unaona aibu maana limesimama kwa mwenzio mliyeteka naye maji asubuhi. Hiyo sijawahi kumsimulia hata mume wangu.

Yeye alirudi mzima alhamdulillah, kakonda, ndevu mpaka kifuani, mtoto akamkimbia. Usiku kitanda hakitaki, eti kinabonyea hapati usingizi, akalala sakafuni. Hamu yote ile halafu mtu yuko chini kakumbatia mkeka! Nikachukua mto wangu nikamfuata huko huko chini, ningefanyaje.

Lindo la Usiku
Shikamooni wazee wangu. Mimi ni wa juzi, nilikuwa Goma, Kongo, 2013 kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa enzi za waasi wa M23. Watu wanasema nyie mna simu bwana. Simu ndo inaumiza zaidi. Unapiga unaambiwa mtoto ana homa tangu jana na wewe uko kwenye hema huna unachoweza kufanya, unasema tu mpe pole. Siku moja niko hewani mzinga ukalia, wife akauliza hiyo nini, nikamwambia radi. Akanyamaza kidogo akasema "radi hiyo nimeiona kwenye taarifa ya habari". Tangu siku ile tukawa tunaongea mambo ya bati na ada, hamu tunaiacha hivyo hivyo kila mtu na yake.

Kapera Mstaafu
Mimi sijaoa na mbio za mchakamchaka tu zilinishinda, nipo nasoma. Mama Pili hapo kwenye gari umeniliza ofisini.

Mtoto wa Kota
Shikamoo Mama Pili, hiyo ya gari bi mkubwa hajawahi kuigusa kabisa, leo namuuliza taratibu. Mzee wa Platuni shikamoo, yule jamaa wa barua alirudi?

Mzee wa Platuni
Marahaba. Alirudi, tena tulipokelewa pamoja. Nikaenda kwake kusalimia, mke akaleta uji, akaniangalia weee, kisha akamgeukia mumewe: "huyu ndo alikuwa ananiandikia yale maneno eeh? Maana wewe nakujua, ungeulizia ng'ombe ukaishia hapo". Jamaa alicheka mpaka uji ukampalia.