Kidonda cha unyayo kwa mwenye kisukari: kusafisha kila siku, plasta, mashine ya kunyonya au asali? (Ulinganisho)

MtotoWaKorogwe

Wanajamvi salaam. Naombeni msaada wa kulinganisha, maana nyumbani kila mtu ana lake.

Mzee wangu ana miaka 63, kisukari anacho tangu 2011. Chini ya dole gumba la mguu wa kulia, pale unyayo unapobeba uzito, alikuwa na sugu ya siku nyingi. Wiki sita zilizopita ile sugu ilipasuka katikati, ikatoa maji, na sasa pamebaki shimo la ukubwa wa sarafu, kingo zake nyeupe na ngumu. Hakimuumi hata kidogo. Ndiyo maana tulichelewa: mtu anakwenda shamba na kurudi, hachechemei, utajuaje kama anaumwa?

Zahanati ya jirani wanasema aende kila asubuhi wakioshe na kukifunga gozi, hiyo ndiyo tunayoifanya hadi leo. Hospitali ya mkoa wanataka waikate ile sugu kisha wamfunge plasta ngumu, yaani hogo, hadi chini ya goti. Kuna kliniki binafsi mjini wana mashine ya kunyonya uchafu kwenye kidonda. Bei yake nikiitaja hapa mtadhani nauza kiwanja. Na shangazi yeye ana asali mbichi, pamoja na unga wa kapsuli za rangi mbili unaonyunyizwa juu.

Mzee anataka ya shangazi. Mimi nimeegemea mashine, naiona ya kisasa zaidi. Mwenye uzoefu anifungue macho.

Mbishi1

Plasta juu ya kidonda kibichi? Kitaozea humohumo ndani. Kidonda kinataka hewa. Kaa na gozi lako.

NesiWaZamu

Pole kwa mzee. Nitangulize kwamba mimi ni muuguzi, kliniki ya vidonda nimekaa miaka tisa, lakini mzee wako sijamwona. Haya yasichukue nafasi ya daktari atakayemshika mguu.

Ulinganisho wako umeanzia mwisho. Unalinganisha kinachowekwa juu ya kidonda, na kidonda cha namna hiyo hakikuanzia juu. Sukari ya miaka mingi imeua mishipa ya fahamu ya mguu, mtu anakanyaga palepale kila hatua, ngozi inajihami kwa kuota sugu, sugu inakuwa kama kokoto ndani ya kiatu, na nyama iliyo chini yake inapondeka hadi inapasuka. Mimi na wewe tukipata lengelenge kisiginoni tunachechemea, na huko kuchechemea ndiko kunakotuponya. Mzee wako kanyimwa hicho. Gozi mnalobadilisha kila asubuhi analikanyaga njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kabla ya kuchagua chochote, ipimwe kama damu inafika mguuni. Mtu anatafuta mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Yasiposhikika vizuri, kuna dopla, kifaa cha kusikiliza damu inavyopita: presha ya kifundo inalinganishwa na ya mkono, na jibu likiwa chini ya 0.9 mishipa imeanza kuziba. Hata likija zuri lisikutulize sana, kwa sababu mishipa ya wenye kisukari huingia chokaa, haibonyezeki, na namba hupanda kwa uongo. Presha ya kifundo ikiwa chini ya 50, achana na habari za plasta na mashine; huyo anahitaji daktari wa mishipa ya damu haraka.

Kisha mfupa. Daktari ataingiza kijiti cha chuma kilichotakaswa, polepole. Kikigonga kitu kigumu, kuna uwezekano mkubwa mfupa umeshaingiliwa. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi, mabadiliko ya mfupa huchukua wiki mbili tatu kuonekana, kwa hiyo hurudiwa. Mfupa ulioingiliwa hutibiwa kwa antibiotiki wiki sita hivi, au kwa upasuaji. Si kwa kapsuli za siku tano, na hasa si kwa kapsuli zilizopasuliwa na kumwagwa juu kama chumvi kwenye embe. Unga ule unaganda, unaziba usaha, na daktari akija haoni kitu.

Damu ikiwa inafika na mfupa ni mzima, kwa kidonda cha sehemu hiyo ya unyayo kinachotokana na ganzi mimi nachagua plasta bila kusitasita. Na si mimi tu: mwongozo wa 2023 wa jopo la kimataifa la mguu wa kisukari unaweka mbele kifaa cha hadi magotini ambacho mgonjwa hawezi kukivua. Mwongozo huohuo unashauri asali isitumike kuponyesha vidonda hivi, na mashine ya kunyonya inafikiriwa kwa majeraha yaliyobaki baada ya upasuaji, kwa mfano kidole kikishakatwa na pamebaki shimo. Ni mashine nzuri, nimeitumia, sifongo yake hubadilishwa kila baada ya siku mbili tatu na nyama inapanda unaiona. Lakini kwa shimo la ukubwa wa sarafu chini ya unyayo ni kununua trekta la kulimia bustani ya mchicha.

Mbishi1, hoja ya hewa tuliisikia wote kwa bibi zetu. Kidonda kikikauka kabisa, ngozi mpya haina pa kutambalia. Kinataka unyevu wa kiasi, si kulowa na si kukauka.

Mtoa mada, mkiona wekundu umesambaa, mguu umevimba na una joto, harufu, weusi, au mzee ana homa, msisubiri ushauri wa jamvini. Siku hiyohiyo hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

BiKisauni

Nami nitoe yangu, maana haya yametupata nyumbani Mombasa. Mamangu alikuwa na kidonda mahali hapohapo. Tulianza na asali, tukaenda GV, ile dawa ya maji ya rangi, mguu ukawa zambarau mpaka kifundoni, wallahi hatukujua tena kipi ni kidonda kipi ni rangi. Hospitalini wakasema plasta, mama akakataa: ataswali vipi, atatawadha vipi. Basi wakampa kiatu kirefu cha kuvua na kuvaa, kimefanana na cha kuendea mwezini.

Kliniki akienda nacho. Akifika nyumbani anakivua mlangoni, "siingii na kiatu ndani". Usiku akienda msalani hana kiatu. Asubuhi Kongowea sokoni hana kiatu, kizito, watu watamtazama. Miezi minne kidonda kimesimama palepale na kila mmoja wetu anaapa kwamba mama anavaa kiatu.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja kijana. Alikichukua kilekile kiatu, akakizungushia bendeji ya plasta kwa nje, kisivuke. Akamwambia, "Mama, sasa ni mimi na wewe." Kuhusu udhu mama alimuuliza imamu wa mtaa wetu, akaambiwa mwenye plasta hupangusa juu yake. Wiki ya saba kidonda kimefunga.

Kwa hiyo ukilinganisha plasta na kiatu cha kuvua, usitazame bei peke yake. Mtazame mzee wako. Ni mtu wa kutii akiwa peke yake?

MtotoWaKorogwe

Mzee wangu? Hata dawa ya presha anameza akiwa anatazamwa.

MguuNaNusu

Orodha yenu imesahau njia ya tano, kukata. Mimi nimekatwa chini ya goti, naandika nikiwa nimekaa barazani, mguu wa bandia uko pembeni unapumzika kuliko mimi.

Changu hakikuanza na sugu. Niliamka asubuhi nikakuta shuka lina damu, kidole cha pili kimetafunwa nusu. Panya. Wahenga walisema panya huuma na kupuliza. Kwangu mimi hata kupuliza angejisumbua bure, sikuhisi kitu. Nilidhani ni mkosi wangu peke yangu, hadi nikaambiwa kwamba Profesa Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika kwenye jarida la tiba mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Tanzania walioumwa na panya miguuni. Tangu hapo nalala na soksi ndani ya neti, na chakula hakilali chumbani.

Ila nilichotaka kusema ni hiki. Daktari alitaka kukata kidole kimoja kilichokuwa kimeshakuwa cheusi. Nikagoma. Nikazunguka kwa waganga wiki tatu. Niliporudi hawakuzungumzia kidole tena. Mtu akikwambia kidole, usisikie mguu ukakimbia.

Mbishi1

Pole sana mkuu. Sikujua mambo ya panya. Lakini bado naogopa plasta, nimeona mtu kafunguliwa ana kidonda kipya kisiginoni.

FundiViatu_Moshi

Mbishi1 umeona kweli. Plasta ikifungwa na asiyeijua inaleta kidonda cha pili. Hii si plasta ya mfupa uliovunjika. Pamba ni kidogo, inafinyangwa ikashika unyayo wote na shavu la mguu, ili uzito usianguke mahali pamoja: sehemu unaubeba unyayo mzima, sehemu zinaubeba kuta za plasta kando ya mguu. Ya kwanza inafunguliwa baada ya siku chache tu, kwa sababu uvimbe ukishuka plasta inalegea, na iliyolegea ndiyo inayochubua. Baada ya hapo kila wiki moja au mbili. Kwa hiyo muulize anayefunga: utanifungua lini? Akikujibu mwezi ujao, shukuru na uondoke. Na mguu wa pili avae kiatu chenye soli iliyoinuliwa, la sivyo atatembea upande mmoja kama meza ya mgahawa na nyonga itamshitaki.

Kuna asiyejua ilikotoka: ni ya wagonjwa wa ukoma. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore kule India, aliona kwamba nyayo za wakoma hazikuwa zinaoza kwa ukoma wenyewe, zilikuwa zinapondwa kwa kukosa maumivu. Miaka ya 1960 akahamia Carville, Louisiana, na ujuzi huo ukaingia kwa wenye kisukari. Ugonjwa mwingine, ganzi ileile.

Kidonda kikishafunga ndipo kazi yangu inaanza, na hapa ndipo wengi wanapoteza walichokipata. Karibu watu wanne katika kumi hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja. Mzee akitoka kwenye plasta akarudi kwenye katambuga, mtaonana tena na nesi. Nazipenda katambuga, ni za kwetu, lakini tairi halina huruma, na kuna siku msumari wa mkanda utachomoza ndani na yeye hatausikia. Anahitaji kiatu chenye kina, soli isiyokunjika, na kitanda cha ndani kilichofinyangwa kwa unyayo wake. Hapa Moshi chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, na wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi, kwa hiyo ulizia idara ya viungo bandia kwenye hospitali kubwa iliyo karibu nanyi. Na kabla ya kuvaa kiatu chochote, mkono uingie kwanza. Nimewahi kutoa kwenye kiatu cha mteja kifuniko cha soda. Alikuwa nacho tangu asubuhi.

BiKisauni

Kifuniko cha soda! Mamangu ilikuwa punje ya tasbihi.

MtotoWaKorogwe

Mrejesho, wiki ya tatu.

Tulikwenda hospitali ya mkoa. Mapigo yote mawili yameshikika, dopla imekuja vizuri, kijiti hakikugonga mfupa, eksirei safi ila itarudiwa. Wakamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, ule wa gramu 10, akiwa amefumba macho. Alitakiwa kusema "naam" kila akiguswa. Kimya. Mimi nimesimama pembeni namwona nesi anagusa, anagusa, na mzee ametulia anasubiri waanze. Hapo ndipo niliacha kubishana na mtu.

Sugu ilikatwa kwa kisu bila ganzi ya sindano, akiwa anahadithia mambo ya mkonge. Shimo lililoonekana baada ya kukatwa lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, nikaogopa, wakaniambia ndivyo lilivyokuwa siku zote, sugu ilikuwa imelifunika. Plasta ya kwanza ilifunguliwa siku ya nne, ya pili baada ya wiki. Wanapima urefu na upana kila mara na kuandika. Wanasema ndani ya wiki nne wanataka kuona eneo limepungua angalau nusu, lisipopungua watafikiria upya. Mpaka jana limepungua theluthi. Sukari nayo wamempa insulini, amenuna lakini anachoma.

Asali ya shangazi tunainywea chai, yaani mimi na shangazi.

Tatizo sasa ni mzee kukaa. Nyayo za plasta nazikuta uani hadi bandani kwa mbuzi. Leo asubuhi kaniuliza kama baiskeli nayo inahesabika kuwa ni kutembea. NesiWaZamu, nijibu nimsomee.

NesiWaZamu

Inahesabika. Na mwambie mbuzi wana wajukuu wa kuwalisha.