Naomba ushauri: Python inanipunja masaa

Wakuu, habari za leo. Niko Kigoma, nimeandika kaprogramu ka Python (lugha ya kuandikia programu) ka mzee wangu anayekodisha injini za mitumbwi pale Kibirizi, malipo kwa saa.

Juzi injini ilitoka Jumatatu saa 12 jioni ikarudi Jumanne saa 3:40 usiku. Hayo ni masaa 27 na dakika 40. Programu ikasema masaa 3 na dakika 40! Mteja alilipa haraka, hata hakubishana.

Nimechimba nikakuta kosa ni langu. Nilitumia `.seconds`, kumbe timedelta (kitu cha Python kinachotunza tofauti ya muda) huweka siku pembeni, hivyo nilipata sekunde 13200 tu. `total_seconds()`, inayojumlisha na siku, inanipa 99600.0, sawa kabisa.

Sasa nikigawa kwa 3600 napata 27.666 na kuendelea, na mzee hataki nukta, anataka "siku 1, saa 3, dakika 40". Je, nitumie `divmod` (inayotoa jibu la kugawa pamoja na baki) mara mbili, au nigawe kwa `//` (kugawa bila nukta) na `timedelta(hours=1)`, yaani saa moja? Na kwenye hifadhidata nitunze dakika au sekunde? Mzee ameshaanza kurudia daftari lake.