Naomba ushauri: nimependa kujifunza mwili wa binadamu ukubwani, nianzie wapi?

Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 38, nafanya kazi ya uhasibu hapa Morogoro. Shuleni baiolojia niliikariri tu ili nifaulu. Tangu mama aanze kusafishwa damu, nasoma habari za figo hadi usiku wa manane. Figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, zinachuja takribani lita 180 za maji kutoka kwenye damu kwa siku, kisha karibu yote yanarudishwa mwilini. Mkojo unabaki lita moja na nusu hivi! Chumvi, sukari, maji, vyote vinapimwa. Kwa mtu wa hesabu kama mimi, mizania hiyo inanishangaza mno. Sasa nimehamia kwenye moyo.

Sitaki kubaki msomaji wa juujuu. Mliosomea udaktari, uuguzi au maabara: kitabu gani cha anatomia (maumbile ya mwili) na fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) kinamfaa anayeanza? Kemia niirudie kwanza? Na aliyerudia sayansi za kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea huku yuko kazini, mazoezi ya maabara ulifanyia wapi? Mume wangu ananiunga mkono, ada tunaipangia. Natanguliza shukrani.