Mnara wa kumbukumbu ya vita kijijini: wapagazi wetu tuwaandikeje?

BintiHandeni:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nahudumia wazee huku Somerset, Uingereza. Mwezi uliopita bibi mmoja ninayemtunza aliniomba nimpeleke kijiji cha Mells, kwa kina mama yake. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kwenye mnara wa vita. Ni nguzo ndefu ya jiwe jeupe, na juu kabisa yuko Mtakatifu George akimuua joka. Pande zote mbili kuna kuta fupi za mawe ya kawaida na viti vya kukalia. Bibi akaweka ua lake chini, kisha akaanza kuyasoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, polepole, kama sisi tunavyowataja marehemu kwenye hitima. Nilisimama nyuma yake na machozi yakanitoka.

Sababu ni hii. Babu yake baba alichukuliwa na Waingereza mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walipopita Handeni wakiwafukuza Wajerumani kuelekea Morogoro. Alibebeshwa mzigo, hakurudi. Nyumbani husemwa tu "alikwenda kariakoo", yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, na hapo habari yake inaishia. Hana kaburi wala jiwe. Na si yeye peke yake, walichukuliwa wengi pale kijijini.

Nina maswali mawili. Kijiji kidogo kama kile kilipataje mnara wa namna ile, nani alilipa? Na sisi tukitaka kujenga wetu, tuanzie wapi? Ukoo umeshakubali, eneo lipo chini ya mkwaju karibu na msikiti.

MwalimuMstaafu:

Marahaba binti yangu. Nimefundisha historia miaka mingi, na swali lako limenigusa.

Uingereza, kuanzia mwaka 1915, ilikataza maiti za askari zisirudishwe nyumbani. Aliyekufa Ufaransa alizikwa Ufaransa, awe mtoto wa bwana mkubwa au wa mchunga ng'ombe. Mama akabaki hana kaburi la kuzuru. Ndiyo maana vita vilipokwisha, vijiji vikaanza kuchangishana. Kwa kawaida serikali haikulipa, ilikuwa michango ya watu wenyewe na kamati zao, na kamati hizo ziligombana kwelikweli kuhusu mahali pa kuujenga na mchoro wake. Kwa hiyo ule mnara ulioona ni kaburi la watu waliozikwa mbali. Hata ule mkubwa wa London huitwa Cenotaph, neno la Kigiriki lenye maana ya kaburi tupu. Aliyeuchora, Edwin Lutyens, ndiye huyohuyo aliyechora wa Mells, uliozinduliwa mwaka 1921.

Sasa njoo kwetu. Ukifika Dar es Salaam, kwenye kipilefti cha Samora, yuko yule askari wa shaba na bunduki yake. Aliwekwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Mchongaji ni James Alexander Stevenson. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba mtu akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi. Kila mara nimewaambia wauzunguke mnara wote wanitafutie jina moja tu la mpagazi. Hawajawahi kulipata.

Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza, kwa hesabu ya serikali yenyewe, wanapita 95,000. Waliuawa zaidi na kuhara damu, malaria, njaa na uchovu kuliko risasi. Na baada ya vita utawala wa Tanganyika uliona ni sawa makaburi yao yaachwe yarudi pori. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti na kuomba radhi kwa ubaguzi huo. Radhi nimeisoma na nimeipokea. Lakini majina hayatatoka London, binti yangu. Yako kwa wazee wako, na wazee wanaondoka. Anza na daftari kabla ya saruji.

Kazi_na_Jembe:

Poleni kwa msiba wa zamani. Mimi nauliza kwa nia njema: kwa nini msichimbe kisima mkakipa majina yao? Au mwongeze chumba cha zahanati? Walio hai wanahitaji maji. Jiwe halinywewi.

FundiMawe_Muheza:

Hoja ya kisima si mbaya, ila pampu ikiharibika watu watakilaani kisima na majina yaliyoandikwa juu yake. Mimi najenga makaburi mwaka wa kumi na tisa huu. Nimeona hivi.

Msiandike kwa rangi. Rangi haimalizi masika mbili. Msiandike kwenye saruji mbichi kwa kijiti, herufi hupasuka na kumomonyoka. Vigae vya dukani vinabanduka. Jiwe la matumbawe la huku pwani ni jepesi kuchonga, lakini lina matundu, herufi ndogo haikai. Tafuteni jiwe gumu la mlimani, lisuguliwe upande mmoja tu, kwingine liachwe kama lilivyotoka. Herufi zichongwe kwa patasi, ziingie ndani kwa umbo la V, na zisipungue urefu wa inchi moja, ili mzee asome bila kuinama na mtoto aweze kupitisha kidole.

Msingi: kama udongo wenu ni ule mweusi unaopasuka kiangazi, chimbeni mpaka mpite tabaka hilo, la sivyo mnara utalala upande. Na mkwaju nao uangalieni. Kivuli chake kizuri, lakini mizizi yake haina adabu. Sogeeni hatua kumi na tano.

Tena jiwe liwe fupi, kimo cha kifua. La Mells ni refu kwa sababu ya huyo mtakatifu wa juu. Nyie mna majina tu, na majina yasomwe usoni. Viti hivyo vya pembeni ndivyo vya kuiga, jengeni baraza mbili.

Omwana_wa_Muleba:

Kwetu Kagera tunao uwanja wa mashujaa pale Kaboya, walikozikwa askari wetu wa vita vya 1978 na 1979. Kila Julai 25 nchi nzima inawakumbuka mashujaa. Bibi yangu alikuwa hangoji Julai. Alikuwa akiondoka nyumbani alfajiri na kanga yake, anakwenda kukaa na mwanawe, anarudi jioni amenyamaza lakini ametulia. Ndugu wa kisima, wewe humkuti mama akienda kukaa na zahanati.

Ombi langu: acheni nafasi tupu kwenye jiwe. Majina mengine yatakuja mkishajenga. Mtu atapita aone, atasema "mbona wa kwetu hayupo?"

Kazi_na_Jembe:

Hilo la bibi limeniingia. Naondoa hoja. Nitachangia mifuko miwili ya saruji, nielekezeni pa kuipeleka.

BintiHandeni:

Mungu awabariki wote. Mwalimu, daftari limeanza. Shangazi amekaa na wazee siku tatu, ananipigia usiku nikitoka kazini. Wamefikia majina kumi na moja. Tumekubaliana tusiyapange kwa alfabeti kama Waingereza, tuyapange kwa nyumba walizotoka, kuanzia ya juu mlimani kushuka hadi mtoni, maana ndivyo walivyokusanywa asubuhi ile. Baraza mbili tutajenga, na nafasi tupu tutaacha.

Fundi, nina swali kwako. Jina la kumi na moja halijulikani. Wazee wanakumbuka alikuwa kijana, hana mke bado, na wanalikumbuka jina la mama yake tu, kwa sababu mama huyo aliendelea kumpakulia chakula kila jioni mpaka alipokufa. Shangazi anataka tuandike "mwana wa" kisha jina la mama. Baadhi ya wajomba wanasema si desturi, mwanamume huandikwa kwa baba yake. Mimi niko upande wa shangazi. Ila nataka kujua, mstari huo ukiwa mrefu kuliko mingine, jiwe litaharibika sura?

FundiMawe_Muheza:

Haliharibiki. Wa kwake nitauchonga mwenyewe, bila malipo.