Hilux Revo ya kazi: kutoka 265/65R17, niende 265/70R17 au 285/70R17?

MzigoWaBonde

Wakuu, habari za kazi. Gari ni Toyota Hilux Revo dabo kebini, dizeli 2.4, gia za mkono, 4x4. Ringi ni za kiwandani inchi 17, matairi 265/65R17, kashata (matuta ya tairi yanayokanyaga chini) imebaki milimita 3. Springi na shokapu bado ni za kiwandani.

Kazi yake ni kubeba pembejeo na vipuri vya pampu, kilo 600 hadi 800. Natoka Morogoro kupitia Mikumi hadi Ifakara kwa lami, halafu Ifakara kwenda Mlimba kwa barabara ya udongo. Masika ule udongo mweusi wa bonde ni balaa: malori yameshachimba mikondo, Hilux ikiingia humo difu ya nyuma (kibuyu cha gia katikati ya ekseli) inalima katikati.

Dukani wananisukumia 285/70R17, wanasema linaingia bila kugusa kitu. Fundi wangu anasema nisivuke 265/70R17. Nani yuko sahihi? Na niangalie nini zaidi ya saizi?

Kashata17

Mkuu, fundi wako yuko sahihi kwa gari lenye kazi hiyo. Tuanze na hesabu, maana dukani huwa hawaipigi.

Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya tatu ni ringi kwa inchi. Kimo cha tairi zima ni ubavu mara mbili kujumlisha ringi (17 × 25.4 = 431.8).

265/65R17: ubavu 172.25, kimo 776 mm.
265/70R17: ubavu 185.5, kimo 803 mm. Limeongezeka 3.4%.
285/70R17: ubavu 199.5, kimo 831 mm. Limeongezeka 7%.

Sasa, difu inapanda nusu tu ya ongezeko la kimo, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hiyo 265/70 inakupa milimita 13, na 285/70 inakupa 27. Tofauti ya hayo mawili ni milimita 14, unene wa kidole. Kwa milimita 14 hizo utalipa kwenye gia, breki, mafuta, spea (tairi la akiba) na madigadi. Hailipi.

Kwenye gia ni hivi: tairi likikua 7%, injini inahisi kama difu imebadilishwa. Difu ya uwiano wa 4.10 ingefanya kazi kama ya 3.83. Ukiwa na kilo 800 kwenye mlima, gia uliyozoea kupandia itakuwa nzito, utashuka moja. Kuondoka na mzigo kwenye tope utaichoma klachi usipoweka 4L (4x4 ya gia za chini). Kwa 3.4% utaona tofauti kidogo sana.

Spidi mita nayo inadanganya. Mshale ukisoma kasi halisi ya 80 kwa tairi la zamani, kwa 265/70 utakuwa unakwenda 82.7, kwa 285/70 utakuwa 85.6. Kwenye vibao vya 50 mijini, 285 inakuweka 53.5. Kilomita za kwenye dashibodi pia zitasoma pungufu: ukiona 10,000 umeshatembea 10,700, kwa hiyo wahi kumwaga oili. Na ukipiga hesabu ya mafuta kwa kilomita hizo utadhani gari limeanza kunywa zaidi ya linavyokunywa kweli.

Ubavu_Mgumu

Naongezea suala la kugusa. Ringi ya kiwandani ya Revo inchi 17 ina upana wa inchi 7.5 na ofseti +30 (milimita kutoka katikati ya ringi hadi uso unaofungwa kwenye habu). Kwenye ringi hiyo, 265/70R17 huwa linaingia bila kuinua gari. Linapogusa, mara nyingi ni plastiki ya ndani ya madigadi au lile pazia la tope nyuma ya gurudumu la mbele, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Plastiki unaipasha moto kidogo, unaisukuma, unaifunga upya kwa skrubu. Nusu saa, kazi imekwisha.

285/70R17 ni habari nyingine. Nyuma ya tairi la mbele kuna mguu wa chuma unaobeba kebini kwenye chesi. Tairi linaufikia huo. Plastiki unaweza kuikunja, chuma kile lazima kikatwe na kuchomelewa upya. Anayekuambia linaingia bila shida amelijaribu gari likiwa limesimama sakafuni, magurudumu yamenyooka.

Jaribio la kweli ni hili. Mwombe muuzaji afunge mawili tu ya mbele kabla hujalipa manne. Paka chaki plastiki yote ya ndani ya madigadi, ule mguu wa kebini na pembe ya bampa. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto ukienda mbele, rudia ukirudi nyuma, maana tairi husogea tofauti. Kisha pandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo au tofali la sentimita 20 hadi 30 ili springi ibonyee, ukate usukani tena. Badili upande. Chaki ilipofutika ndipo panapogusa.

Na tafadhali usinunue ringi za ofseti 0 au spesa (vipande vya kusogeza gurudumu nje) ili kukwepa kugusa kwa ndani. Gurudumu likitoka nje kwa sentimita 3, linapokata kona linachora duara kubwa zaidi, linagonga bampa mbele na madigadi nyuma. Bearingi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na usukani unaanza kuvutwa na kila shimo.

MzigoWaBonde

Asanteni sana. Je, nikiinua gari inchi 2 mbele na nyuma, 285 si litakaa bila kukata kitu? Na kwa ule udongo, si tairi pana ndilo linaloelea?

Ubavu_Mgumu

Kwa kuinua, hapana, mkuu.

Kuinua kunaongeza nafasi juu ya tairi. Ule mguu wa kebini uko nyuma yake, na gari likiinuliwa umbali kati yao haubadiliki. Kinachosaidia ni kusogeza gurudumu mbele, yaani amu za juu zilizotengenezwa kwa kuinua, pamoja na alaimenti iliyolaza mhimili wa usukani nyuma zaidi. Hata hapo, kwa 285 mara nyingi bado utagusa kidogo. Ukiinua bila kurekebisha alaimenti, gari linakuwa jepesi mbele, halishiki mstari likiwa kasi, na matairi yanalika upande mmoja. Zaidi ya inchi 2 shafti za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali, raba zinapasuka, grisi inamwagika.

Ukitaka kuinua kwa faida, weka springi za nyuma zinazolingana na mzigo wako. Nyuma ikiacha kulala na kilo 800, difu haipandi, kwa sababu hiyo iko kwenye ekseli na tairi pekee ndilo linaloipandisha, lakini chesi, tangi na ndoano ya kuvutia vitaacha kulima. Lakini usiweke springi za tani moja na nusu halafu utembee mtupu. Gari litaruka kwenye makorongo na nyuma itakosa mshiko.

Kashata17

Kuhusu upana: inategemea chini ya tope kuna nini. Udongo mweusi wa Kilombero ukilowa juu tu, chini bado kuna sehemu ngumu. Tairi jembamba linakata tope la juu na kushika huko chini. Ndiyo sababu pikapu za Land Cruiser zilitembea miaka mingi na 7.50R16. Tairi pana linateleza juu kama sabuni, na mbele yake linajisukumia ukuta wa tope. Kwenye mchanga au tope lisilo na chini ndiko unakotaka eneo kubwa la kukanyagia, na hilo unalipata kwa kupunguza upepo: alama ya tairi inarefuka kuliko inavyopanuka.

Kwa hiyo hata 255/75R17 (kimo 814 mm) lingekufaa kuliko 285, tatizo ni kulipata madukani. Kuna wanaoshuka hadi ringi ya 16 na 235/85R16, kimo 806 mm. Ni saizi nzuri ya kazi, ila kwanza jaribu ringi tupu kwenye gurudumu la mbele, kwani ringi nyingine za 16 hugonga kalipa ya breki.

TopeNaLami

Saizi mmeimaliza vizuri. Niongelee kilichoandikwa ubavuni, hapo ndipo watu wenye mizigo hukosea.

Tafuta namba ya uwezo. 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. 115 ni 1,215. 121 ni 1,450. Saizi ileile 265/70R17 inauzwa kama tairi la kawaida la 115, na pia kama LT (tairi la magari mepesi ya mizigo) yenye 121/118 (namba ya pili ni ya magurudumu pacha), plai 10 (kipimo cha uimara wa tairi). Wewe chukua LT. Sababu kubwa ni ubavu: mawe na visiki vya njia ya Mlimba hupasua ubavu mwepesi, na pancha ya ubavu haizibiki. Ila kubeba zaidi tairi halikuruhusu. Kikomo cha gari kinabaki kile kilichoandikwa na kiwanda, na ekseli haijui umenunua nini.

LT plai 10 ni zito, takriban kilo 22, na 285/70R17 la aina hiyo hufika 25. Uzito huo unauongeza kwa kila gurudumu, na breki ndizo zinazousimamisha.

Upepo wa kwenye kibandiko cha mlango ni wa tairi la kiwandani. LT linahitaji zaidi kubeba mzigo uleule. Anza na psi 35 mbele na 40 nyuma ukiwa na mzigo, lipimwe likiwa baridi asubuhi. Tembea saa moja kwa lami, pima tena. Likipanda zaidi ya psi 6, ulianza na upepo mdogo, ongeza. Likipanda chini ya 4, punguza. Kwenye udongo mkavu wenye mikunjo kama bati shusha robo na usizidi 80. Kwenye tope jaribu 22, ukishuka hapo mwendo uwe wa polepole. Beba pampu ya kujaza, kwani kurudi kwenye lami na upepo wa 22 na mzigo ni kulipika tairi.

Aina: AT (tairi la njia zote). Najua MT (tairi la tope) linajisafisha vizuri zaidi, matuta yake yako mbalimbali, tope linarushwa nje. AT likijaa udongo mweusi linageuka kipara. Lakini wewe una lami ndefu kabla ya udongo, na MT kwenye lami yenye maji linachelewa kusimama. Minyororo ya tope miwili ya nyuma inakusaidia siku zile mbaya kuliko kuishi na MT mwaka mzima.

Angalia tarehe pia. Mwishoni mwa maandishi ya DOT kuna tarakimu 4: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi la miaka mitano rafuni mwachie mwenyewe, hata kashata ikiwa mpya.

Kashata17

La mwisho, ambalo lilisahaulika: spea. Nunua matano, siyo manne. Spea ya 776 mm pamoja na wenzake wa 803 kwenye ekseli ya nyuma inafanya gia za ndani ya difu zizunguke muda wote, zinapata moto na kulika. Na ukiweka 4H (4x4 ya gia za kawaida) mbele na nyuma zikiwa na vimo tofauti, mfumo mzima unajikaza, kwa sababu Hilux haina difu ya kati. 265/70 linaingia chini ya bodi mahali pa spea. Litoe na ulirudishe mara moja ukiwa bado gereji, uone mnyororo unalikaza bila kugusa ndoano. Kisha kaza nati zote tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

MzigoWaBonde

Nimeelewa. 265/70R17 LT 121, AT, matano, ringi zangu zilezile. Kesho naenda na chaki.