Mtafiti wa afya apimwe kwa kunukuliwa? Tusaidiane kabla ya Ijumaa

Kibirizi Asubuhi (mleta mada)

Wadau, salaam. Juzi niliitwa kwenye kamati ya kumpata mtafiti wa kuongoza mradi wa kichocho vijiji vya mwambao, huku kwetu Kigoma. Mimi si msomi wa mambo hayo, nilikaa upande wa wananchi. Majina yalibaki mawili. Mmoja fahirisi yake ya h ni 27, mwingine 6. Mwenyekiti akafunga faili: "Hapa hakuna la kujadili, twende chai."

Nikagoma chai. Nikaomba kuelezwa hiyo h ni mdudu gani, kijana mmoja akanichorea nyuma ya bahasha. Chukua makala zote za mtu, zipange kuanzia iliyonukuliwa na wenzake mara nyingi zaidi: 40, 22, 9, 6, 5, 3, 1. Shuka nazo ukihesabu. Makala ya tano imenukuliwa mara 5, ya sita mara 3 tu, basi umegota, h yake ni 5. Nikauliza, na ile ya 40 ingekuwa 4,000? Bado 5. Kumbe kipimo chenyewe kililetwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, akiwawazia wanafizikia wenzake.

Sasa yule wa 6 ameishi miaka kwenye vijiji hivyo, Kiha anakiongea kama kazaliwa Kasulu. Wa 27 sijui hata kama amewahi kupanda boti ya hapa. Nipeni hoja, tunakutana tena Ijumaa.

Namba Haina Shemeji

Mleta mada, nakuheshimu, ila unacheza na moto. "Anajua Kiha", "ni mtu wetu", "tunamfahamu": hiyo hiyo ndiyo lugha iliyoninyima cheo mara mbili. Mimi ni mhadhiri, mwanamke, sina baba mkubwa ofisini. Kila mwaka "dada, subiri kidogo". Siku vigezo vilipoandikwa kwa namba, makala kadhaa zilizopitiwa na wahakiki, basi, hakuna aliyepata mdomo wa kuniambia nisubiri. Na kuhusu boti, hujui, unakisia. Umeshaanza kumhukumu mtu kwa maneno ya kijiweni.

Nesi wa Mwambao

Dada Namba, pole kwa yaliyokukuta. Lakini na mimi nisikilizwe. Nimekusanya vinyesi vya watoto wa shule kwa ajili ya watafiti, na usicheke, ndiyo kazi. Saa kumi na moja alfajiri nipo ufukweni na kikasha cha barafu mapajani, ziwa limechafuka, kila kikopo nimekiandika jina kwa kalamu isiyofutika kwa sababu maji yanaingia. Mama akikataa mtoto wake asitoe choo, ni mimi ninayekaa naye jikoni mpaka aelewe. Makala ikatoka. Jina langu lipo kwenye shukrani, mstari wa mwisho, na wamelikosea herufi. Hiyo h yangu ni ngapi?

Msomi Mkavu

Sifuri, dada, na ni sawa. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya kuitwa mwandishi, na lazima yatimie yote: mchango mkubwa kwenye kazi, kushiriki kuandika au kuhakiki andiko, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Kukusanya sampuli peke yake hakutoshi.

Mzee wa Mwanga

Mkavu, umesoma nusu ukurasa. Wahariri hao hao wameandika kwamba masharti yasitumike kumnyima jina mtu aliyestahili, kwa kumfungia nafasi ya kushiriki kuandika. Huyo nesi nani alimtumia rasimu? Wakubwa wangapi majina yao yamo kwenye kila makala ya idara, na ukiwauliza ilihusu nini wanatafuta miwani?

Binti yangu Namba, nimefanya takwimu miaka mingi kabla sijastaafu, nakuhakikishia namba nayo ina mashemeji. Kuna wanaojinukuu wenyewe. Kuna vikundi vya kunukuliana, leo kwangu kesho kwako, kama upatu. Halafu kunukuliwa si kusifiwa. Makala ya daktari Mwingereza, Wakefield, ya mwaka 1998 kwenye jarida la tiba la Lancet, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji kwa watoto 12 tu, ilifutwa rasmi 2010, na bado ni moja ya zilizonukuliwa sana, wengi wakiitaja ili kuipinga. Mashine haijui kutofautisha.

Tena h haishuki. Mtu akilala miaka kumi, namba inabaki ilipo au inapanda. Ndiyo maana mzee humshinda kijana, na wa saratani humshinda wa kichocho, kwa kuwa wanaoandika juu ya saratani ni wengi mno. Mleta mada, kaulize: hiyo 27 imetoka wapi? Kuna tovuti mbili zinazohesabu nani kanukuliwa mara ngapi: Google Scholar inahesabu hadi tasnifu na ripoti, Scopus inachagua majarida. Mtu mmoja anaweza kuwa na namba mbili tofauti, na kila mmoja hupeleka iliyo kubwa.

Namba Haina Shemeji

Mzee shikamoo. Hayo yote nakubali, hata la upatu. Ila ukiniondolea namba, unanirudisha kwa nani? Kwa mwenyekiti huyo huyo wa "twende chai". Safari hii atasema "huyu simpendi" badala ya "huyu ana 6".

Mzee wa Mwanga

Marahaba. Hapo umenishika, sina jibu zuri.

Kibirizi Asubuhi (mleta mada)

Wadau, mrejesho. Nimempigia mwenyekiti. Nimependekeza namba zitoke sehemu moja kwa wote wawili, na ziwe za miaka mitano ya karibuni. Kila mmoja alete makala zake mbili anazojivunia, aeleze kwa mdomo yeye alifanya nini humo, nani aliingia vijijini, na kijiji kilirudishiwa majibu au la. Maswali yaandikwe mapema, yawe yale yale kwa wote, alama zijazwe kabla hatujaongea (hili la dada Namba). Nesi mmoja wa mwambao awe kwenye meza, siyo kwenye shukrani.

Amelalamika kwamba hiyo ni kazi ya siku nzima. Nimemwambia chai iletwe humo humo ndani.